Nani Mwenye Neno? Kamusi ya Dhana na Uamuzi wa Pamoja katika Mfumo Huria wa Kumbukumbu za Wagonjwa Magharibi mwa Kenya

Utangulizi

Neno "huria" limepewa kazi mpya mara mbili katika Kiswahili cha miongo ya karibuni. Kwanza lilifungamanishwa na soko, pale serikali za Afrika Mashariki zilipolegeza masharti ya biashara. Kisha likafungamanishwa na programu za kompyuta, ndipo ikapatikana istilahi ya "programu huria". Maana ya istilahi hii ni bayana: ni programu ambayo msimbo wake waweza kusomwa, kunakiliwa, kurekebishwa na kugawiwa na mtu yeyote, maadamu anafuata masharti ya leseni yake. Vuguvugu lenyewe lilipata sura mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na ulimwengu ukaona kwamba watu wasiofahamiana kwa sura waweza kujenga chombo kimoja.

Hata hivyo, uhuria wa leseni haujibu swali la mamlaka. Leseni husema mtu aweza kufanya nini na nakala yake. Haisemi ni nani atakayeamua nakala ya wote iweje. Hayo ni mambo mawili, na aghalabu huchanganywa. Katika Linux neno la mwisho lilibaki kwa mwanzilishi. Wafuasi wa Apache, waliounda shirika lao mwaka 1999, walichagua njia ya kura na maridhiano. Lugha ya kompyuta iitwayo Python iliongozwa na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, hadi Julai 2018 alipojiuzulu kufuatia mabishano makali juu ya kipengele kimoja cha sarufi ya lugha hiyo. Mwaka 2019 nafasi yake ilishikwa na baraza la watu watano waliochaguliwa. Haikosi kumvutia mwanaisimu kwamba dola hiyo ndogo ilitikiswa na alama ya nukta mbili na ya usawa zilizoandikwa pamoja.

Makala haya yanalifuata swali la mamlaka katika mfumo mmoja huria, uitwao OpenMRS, ambao ni mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Sababu za kuuchagua ni mbili. Kwanza, ulisimikwa kwa mara ya kwanza Eldoret, ukatumika katika kliniki za Kitale, Webuye na jirani zake. Pili, na hili ndilo linaloufanya uwe shauri la wanalugha, kiungo chake kikuu ni kamusi. Na waliogombea kuuongoza, wakijua au wasijue, waligombea nani aruhusiwe kuingiza neno katika kamusi hiyo.

Kutoka Mosoriot hadi Eldoret

Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulianza kuelekea mwaka 1990, wakati kitivo cha tiba cha Moi kilipokuwa kikianzishwa. Matunda yake ya awali upande wa kompyuta yalionekana Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani katika nchi ya Wanandi, kusini mwa Eldoret. Mnamo Februari 2001 ulianza kutumika hapo mfumo ulioitwa kwa jina la kituo chenyewe. Walioushughulikia ni pamoja na Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, William Tierney wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, na Terry Hannan, daktari wa Australia. Ulijengwa juu ya programu ya Microsoft Access, ambayo si huria, na ulitosha kwa kituo kimoja.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2001 ulianzishwa mpango wa AMPATH, wa kukinga na kutibu UKIMWI. Mfumo wa Mosoriot ulirekebishwa ili uwahudumie wagonjwa wa mpango huo. Fedha za Marekani zilipoanza kumiminika mwaka 2004, kliniki zikaongezeka upesi, na kufikia katikati ya muongo huo hospitali ya Kitale katika Trans Nzoia na ile ya Webuye katika Bungoma zilikuwa miongoni mwa matawi yake. Hifadhidata iliyoshonwa kwa kituo kimoja ikaanza kupasuka.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walifika Eldoret kutazama tatizo hilo. Uamuzi wao wa kwanza ndio uliozaa mengine yote: badala ya kuushona upya mfumo wa mahali pamoja, walikusudia kujenga msingi ambao wengine pia wangeweza kusimama juu yake. Wakati huo Hamish Fraser na wenzake wa shirika la Partners In Health, Boston, walikuwa na mifumo yao ya wagonjwa wa Peru na Haiti. Naye Christopher Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini alikuwa na haja hiyohiyo. Pande hizo tatu ziliungana. Mnamo Februari 2006 mfumo mpya ulisimikwa Eldoret. Agosti mwaka huo ukaingia Rwanda, na kabla ya mwaka kwisha ukawa umefika Afrika Kusini.

Ikumbukwe kwamba hakukuwa na katiba. Wenye uwezo wa kubadili msimbo walikuwa wachache, walijuana, na mambo yalikatwa kwa mazungumzo. Hali hiyo si ya kulaumiwa. Kila kazi ya namna hii huanza na watu wachache wanaoaminiana. Lakini mazungumzo nayo yana saa zake. Saa nne ya asubuhi Indianapolis ni saa kumi na mbili ya jioni Eldoret, au saa kumi na moja katika miezi ambayo Wamarekani husogeza saa zao mbele. Fundi wa Eldoret aliingia katika shauri la pamoja mwisho wa siku yake ya kazi, ilhali mwenzake ndiyo kwanza amemaliza kifungua kinywa. Aliyetaka kusikika ilimpasa awe na simu isiyokatika, umeme, Kiingereza chepesi, na nyumba iliyo karibu na ofisi. Leseni haikumnyima yeyote kiti. Saa na waya ndivyo vilivyogawa viti.

Kamusi kama ikulu

Ili kuelewa ni nini hasa kilichokuwa kikiamuliwa, hapana budi kueleza namna mfumo huu unavyoweka maarifa. Mifumo mingi ya zamani iliweka kila swali la fomu katika safu yake: safu ya uzito, safu ya kikohozi, safu ya dawa. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, fundi hubomoa jedwali na kulijenga upya. Regenstrief walikuwa na desturi nyingine, waliyoirithi kutoka kwa mfumo wao wenyewe ulioanza mwaka 1972. Kwa desturi hiyo, hifadhidata haijui chochote kuhusu tiba. Inajua tu kwamba kuna mgonjwa, siku, dhana na thamani. Dhana zote huwekwa katika kamusi, na kila dhana ina namba. Uzito wa mgonjwa kwa kilo ni namba 5089. Hesabu ya chembe za CD4 ni 5497. "Ndiyo" ni 1065, na "hapana" ni 1066.

Kila dhana huwa na aina yake, kwa mfano ugonjwa, dalili, kipimo au dawa. Huwa na sifa ya jibu lake, kama ni namba, tarehe au uteuzi kutoka orodha. Na huwa na majina. Majina yaweza kuwa mengi na katika lugha nyingi, pamoja na visawe na vifupisho. Lakini katika kila lugha dhana huwa na jina moja kamili, na jina hilo haliruhusiwi kuwa jina kamili la dhana nyingine katika lugha hiyohiyo. Mtunzi wa kamusi za kawaida ataona mara moja kwamba mambo yamepinduliwa. Katika kamusi ya kawaida neno ndilo kitomeo, na maana hupangwa chini yake, moja, mbili, tatu. Huku maana ndiyo kitomeo, na maneno ni nguo zake tu.

Tena kuna sheria moja ambayo watunzi wa kamusi wangeweza kuionea wivu. Dhana iliyokwisha kutumika haifutwi. Ikionekana haifai, hustaafishwa: hubaki mahali pake na namba yake, ila haionyeshwi tena kwa anayejaza fomu mpya. Sababu yake ni dhahiri. Mgonjwa aliyeandikwa mwaka 2006 kwa dhana ya mwaka 2006 hana budi kuendelea kusomeka. Kwa hiyo kosa lililoingia katika kamusi huishi humo daima.

Hapo ndipo uzito wa mamlaka unapoonekana. Katika mfumo wa namna hii, mwandishi wa msimbo hafungi mlango wa swali lolote la tiba. Anayeufunga au kuufungua ni mlinzi wa kamusi. Tabibu wa Kitale akitaka kuandika katika fomu jambo ambalo kamusi haina, jambo hilo kwa kompyuta halikutokea. Aweza kuliandika pembeni kwa kalamu, na wengi walifanya hivyo, lakini maandishi ya pembeni hayahesabiwi na hayakumbushi mtu.

Safari ya karatasi

Katika miaka ya mwanzo tabibu hakuigusa kompyuta. Alijaza fomu ya karatasi, ya ziara ya kwanza au ya marudio, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Fomu za kliniki za nje zilikusanywa na kupelekwa Eldoret, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kutoka Kitale, na huko makarani wakaziingiza. Kilichorudi kliniki ni muhtasari wa mgonjwa uliochapishwa, pamoja na vikumbusho: mgonjwa huyu hajapimwa CD4 kwa muda fulani, mtoto huyu anahitaji kipimo hiki. Watafiti wa AMPATH wakiongozwa na Martin Were walionyesha mwaka 2011 kwamba vikumbusho hivyo viliwafanya matabibu waagize vipimo vilivyopasa mara nyingi zaidi kuliko pale visipokuwapo. Hivyo kamusi haikuwa pambo. Dhana iliyowekwa sawasawa ilizaa kikumbusho, na kikumbusho kilizaa kipimo kilichofanywa kwa wakati.

Lakini tazama safari ya neno lenyewe. Mama mmoja kutoka mteremko wa Mlima Elgon alimweleza tabibu kwa Kisabaoti au kwa Lubukusu, au kwa Kiswahili cha sokoni. Tabibu alilifasiri kichwani mwake hadi Kiingereza cha fomu. Karani wa Eldoret alikigeuza Kiingereza hicho kuwa namba. Ni fasiri mbili au tatu, na hakuna hata moja iliyohifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni namba ya mwisho.

Chukua neno "homa". Katika kinywa cha Mswahili homa ni joto la mwili. Pia ni malaria, pasipo kulazimika kusema "homa ya malaria". Katika miji mingi ya Kenya ni mafua. Katika kamusi ya dhana haya ni mambo matatu yenye namba tatu, na sheria ya jina moja kamili haimruhusu mtunzi kuyapa yote jina "homa". Itampasa achague lipi lipewe neno tupu na yapi yapewe neno lenye kivumishi. "Kifua" nalo ni kiungo, ni kikohozi cha siku nyingi, ni pumu, na katika nyumba nyingi ni njia ya adabu ya kutaja kifua kikuu bila kukitaja. "Presha" haisemi kama imepanda au imeshuka. Matatizo haya hayatokani na umaskini wa Kiswahili, maana Kiingereza cha mitaani kina kasoro zizo hizo. Tofauti ni kwamba Kiingereza kilikuwa na watu walioketi mezani wakakiamulia, Kiswahili hakikuitwa. Fomu zilikuwa za Kiingereza, makarani walisoma Kiingereza, na haja ya jina la Kiswahili haikumkera mwenye ufunguo.

Kamati ya kale ya Kiluyia

Watu wa Bungoma wamepata kuona shauri kama hili hapo kabla, na kabla ya kompyuta. Katika miaka ya 1940 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiluyia, ikiwakutanisha wamisionari wa madhehebu mbalimbali na Waafrika waliosoma. Kila misheni ilikuwa imekwisha kuandika lugha ya mahali ilipotua: Marafiki wa Kaimosi, waliofika mwaka 1902, waliandika Lulogooli, Kanisa la Mungu la Kima liliandika Lunyore, Waanglikana na Wakatoliki nao walikuwa na tahajia zao kuelekea Butere na Mumias. Kazi ya kamati ilikuwa kupata tahajia moja na lugha moja ya maandishi kwa wote ambao jina "Abaluyia" lilikuwa limeanza kuwaunganisha. Bibi L. L. Appleby wa misheni ya Kianglikana alibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na sarufi yake ilitoka mwaka 1947.

Shabaha ilikuwa ya busara. Kuchapa kitabu kimoja kwa watu wengi ni rahisi kuliko kuchapa vitabu kumi kwa watu wachache wachache. Ila kila uteuzi wa neno ulikuwa uteuzi wa mtu. Mti ni omusala kwa Wawanga, bali kwa Wabukusu ni kumusala. Na tofauti hii si ya neno moja, kwani viambishi awali vya Lubukusu vina silabi ambayo lugha za kati hazina. Watu walioitwa abandu huko Mumias, Bungoma huitwa babandu. Anayechagua kiambishi kimoja amekwisha kuchagua ni nani atakayesoma kama mwenyeji na nani kama mgeni. Isitoshe, Lubukusu kwa asili ina udugu wa karibu na Lumasaaba ya upande wa Uganda wa mlima, kuliko baadhi ya lugha ambazo kamati ilitaka kuiunganisha nazo.

Walogooli walijitoa, na Wabukusu nao hawakuridhika. Lakini kujitoa kwao hakukuwa sawa, na tofauti hiyo ndiyo yenye mafunzo kwa anayechunguza mifumo huria. Kaimosi kulikuwa na Agano Jipya la Lulogooli tangu 1925, wafasiri waliokomaa kama Emory Rees na Joel Litu, na shule zilizokwisha kusomea tahajia ile. Biblia nzima ya Lulogooli ilitoka mwaka 1951. Wabukusu walikuwa na malalamiko yenye nguvu ileile, pengine zaidi, lakini hawakuwa na Biblia yao wala hazina kama ile ya kuanzia. Kamati iliendelea na waliobaki, na Biblia ya Kiluyia ilitoka mwaka 1975, kwa lugha ambayo wasomaji wengi wa Bungoma waliiona kuwa ya majirani.

Katika lugha ya mafundi wa programu, Walogooli walifanya kile kinachoitwa kuchepuka: kuchukua nakala na kwenda nayo njia ya pekee. Haki ya kuchepuka ndiyo silaha ya mwisho ya kila mtumiaji wa programu huria, na watetezi wa leseni hizo hupenda kusema kwamba kwa sababu hiyo kiongozi hawezi kuwa dhalimu, kwani wafuasi watamwacha. Hoja hii ina ukweli. Mwaka 2010, kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun na pamoja nayo programu ya OpenOffice, sehemu kubwa ya watengenezaji walichepuka na kuanzisha LibreOffice. Lakini hoja hiyo husahau Bungoma. Haki ya kuondoka ni ya wote kwa maandishi. Uwezo wa kuondoka ni wa mwenye mafundi, muda na fedha.

Kuchepuka na kurejea

Viongozi wa OpenMRS waliliona jambo hili mapema, nao walibuni njia ya kati. Mfumo ulijengwa kwa moduli: kiini kimoja kinachobadilishwa kwa tahadhari, na juu yake vipande ambavyo kila nchi au hospitali yaweza kuongeza au kuondoa bila kukigusa kiini. Kwa mpango huo mabishano mengi yalikufa kabla ya kuzaliwa. Anayetaka rejista ya namna yake huandika moduli yake, asiyeitaka haipakii. Baraza huhitajika tu kwa mambo ya kiini. Tangu 2007 mradi ulianza pia kupokea wanafunzi kupitia mpango wa majira ya joto wa Google, na baadaye ukaweka ngazi za wazi za kupanda kutoka mgeni hadi mtu mwenye mamlaka juu ya msimbo. Ngazi hizo ziliwafaa Waafrika Mashariki. Wahandisi wa Uganda, Kenya na Rwanda wakawa miongoni mwa wanaopitisha au kukataa kazi za wengine, jambo ambalo mwaka 2006 halikuwapo. Jina la OpenMRS lenyewe, tofauti na msimbo, lilibaki mali ya shirika lisilo la faida lililosajiliwa Marekani.

Kenya ilikuwa na njia zake. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 2012 ulianza kutumika mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS na kikundi cha I-TECH cha Chuo Kikuu cha Washington kwa ushirikiano na Wizara ya Afya. Katika miaka michache ulienea katika mamia ya vituo. Kamusi yake haikuwa ya Eldoret, bali ile iitwayo CIEL, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, na ambayo ilitumika pia katika Vijiji vya Milenia, kikiwamo kile cha Sauri huko Siaya. Kwa hiyo magharibi mwa Kenya kulikuwa na kamusi mbili za mfumo mmoja. Kwa bahati njema namba nyingi za msingi zilikuwa zilezile, kwa maana pande zote zilinywa katika kisima kimoja: 5089 ilikuwa uzito huku na huku, na 1065 ilikuwa ndiyo. Bali dhana zilizoongezwa baadaye na kila upande kivyake hazikujuana. Mgonjwa aliyehama kutoka kliniki ya mfumo mmoja kwenda ya mfumo mwingine alihama na karatasi mkononi, katika nchi iliyokuwa imelipia kompyuta mara mbili.

AMPATH nayo ilichepuka kwa namna yake. Matabibu walipoanza kutumia kompyuta mbele ya mgonjwa, sura ya zamani ya OpenMRS haikuwafaa, na mafundi wa Eldoret walijitengenezea sura yao wenyewe pamoja na chombo cha kujengea fomu. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilikwenda kando ya mkondo mkuu. Baadaye jumuiya yote ilipoanza kujenga toleo la tatu la sura ya mfumo, ilihitaji chombo cha fomu. Na chombo kilichochukuliwa kuwa msingi kilikuwa kile cha Eldoret. Katika historia yote hii, hilo ndilo tukio linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Si kura iliyokipitisha, wala si ridhaa ya kamati. Kilikuwa kimejaribiwa katika kliniki zenye foleni, Kitale na Webuye zikiwamo, na wengine hawakuwa na kilicho bora. Mtu aweza kuuliza kama hali hiyo ni demokrasia. Pengine siyo, lakini si haba kwa mji ambao miaka kumi kabla yake ulipokea maamuzi jioni kwa simu.

Ama kuhusu Kiswahili

Upande wa Kiswahili, mfano ulio karibu ni wa Dar es Salaam. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kikundi cha wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mafundi na wanaistilahi walikaa pamoja wakaamua mamia ya maneno ambayo mtu angeyaona kila siku kwenye kioo. Wasomaji wa kurasa hizi wanakumbuka mabishano ya zama hizo: kompyuta au tarakilishi au ngamizi, kivinjari au kisakuzi, faili au jalada. Mabishano hayo hayajaisha, na haidhuru, kwani mtu akiona "jalada" badala ya "faili" atatafuta kidogo, kisha ataelewa.

Katika kumbukumbu za mgonjwa haiwi hivyo. Jina la Kiswahili la dhana likiwekwa kwa haraka, tabibu wa Kapsokwony atateua "homa" akikusudia joto la mwili, na hesabu ya wilaya itaongezeka malaria. Wala njia ya Apache, ya kupitisha jambo kama hakuna aliyepinga, haitoshi hapa. Kunyamaza kwa mafundi wasiojua Kiswahili si ridhaa, na kunyamaza kwa Waswahili ambao hawakujua kwamba wameulizwa si ridhaa pia. Neno "kustaafishwa" limekwisha elezwa: litakalokosewa halitaondoka.

Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika la USAID, lililokuwa mlipaji mkuu wa AMPATH na wa programu nyingi za aina hiyo nchini, lilifungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Msimbo wa OpenMRS haukupotea, kwa kuwa ni huria. Nakala zake zipo Eldoret, Kampala, Kigali na kwingineko, na hakuna mwenye uwezo wa kuziita zirudi. Kilichoguswa ni mishahara ya walioulinda. Kwa upande mwingine, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 iliweka wakala wa serikali wa kusimamia mambo haya, na kanuni za wakala huo zitalazimika kutaja kamusi, ama kwa kuteua mojawapo ya zilizopo, ama kwa kuanzisha nyingine. Katika orodha ya wanaopaswa kukaa katika meza hiyo hutajwa madaktari, wahandisi, wanasheria na wenye bima. Idara za lugha za vyuo vikuu hazijazoea kuomba kiti mahali kama hapo. Zimezoea kuletewa orodha ya maneno baada ya mkutano kwisha, ziambiwe zifasiri kabla ya Ijumaa.